Sura ya 7: Moshi Jukwaani

Kikundi cha sanaa kinapopata fedha za kununua mashine ya moshi, mazungumzo huanzia dukani: ipi kubwa, ipi ya bei nafuu, ipi ina taa za rangi. Mahali pazuri zaidi pa kuanzia ni kiti cha mtazamaji. Ingia ukumbini wakati hakuna watu, kaa safu ya katikati, tazama jukwaa, kisha jibu swali moja: mtu aliyelipa kiingilio atakapoketi hapa, unataka aone nini ambacho bila moshi hatakiona?

Majibu ya kweli huwa matatu. La kwanza, unataka aone miale ya taa ikikatiza hewani kutoka darini hadi begani kwa mwimbaji. La pili, unataka wingu zito litokee ghafla na kutoweka, kwa sababu mzimu unaingia, au nyota wa onyesho anapanda jukwaani na umati unapiga kelele. La tatu, unataka ukungu utambae sakafuni, miguu ya wachezaji izame na viwiliwili vibaki wazi. Kila jibu lina mashine yake, na hakuna mashine moja inayofanya kazi zote tatu vizuri. Asiyejua anataka lipi atanunua mashine kubwa kuliko zote dukani, na siku ya onyesho watazamaji wa safu nne za mbele watakohoa huku wale wa nyuma wakiuliza msanii yuko wapi.

Sura hii inafuata mpangilio huu: kwanza namna moshi unavyotengenezwa, kisha kuchagua, kisha kutumia, na mwisho jambo ambalo mafundi wengi huliacha nyuma, yaani afya na usalama wa watu wanaofanya kazi ndani ya moshi.

Moshi usio na moto

Moshi wa jukwaani hautokani na kitu kuungua. Ndani ya mashine ya kawaida kuna tangi, pampu ndogo, na kipande cha chuma kinachopashwa moto kwa umeme hadi nyuzi 200 au 300 za Selsiasi. Pampu hunyonya maji ya moshi, ambayo ni mchanganyiko wa maji na glaikoli au gliserini, na kuyasukuma katika bomba jembamba linalopita ndani ya chuma hicho. Majimaji hugeuka mvuke papo hapo, yanatanuka, na kutoka mdomoni kwa kasi.

Mvuke wenyewe hauonekani. Litazame birika la chai linapochemka: karibu kabisa na mdomo wake hapana kitu, na wingu jeupe huanza kidole kimoja mbele, pale mvuke unapokutana na hewa iliyopoa na kuwa matone. Mashine ya moshi hufanya vivyo hivyo, ila matone yake ni madogo sana na glaikoli huyachelewesha kukauka, kwa hiyo wingu linadumu. Ukishaelewa hilo, mambo mawili yanakuwa wazi. Mdomo wa mashine unaunguza hata pale unapoonekana mtupu, na mashine ambayo haijapata moto wa kutosha hutema maji sakafuni badala ya moshi.

Jambo la tatu ni la mwanga, na ndilo lenye faida kuliko yote. Mwale wa taa unaopita katika hewa safi hauonekani kutoka pembeni. Unaonekana pale tu unapogonga kitu kidogo kinachoelea na kutawanywa kuelekea machoni mwetu. Matone ya moshi hutawanya sehemu kubwa ya mwanga kwenda mbele, upande uleule ambao mwale ulikuwa unaelekea. Ndiyo sababu taa iliyo nyuma ya msanii na kuelekezwa kwa watazamaji hutoa miale mikali ya kupendeza kwa moshi kidogo tu, wakati taa iliyo upande wa watazamaji huliangaza wingu na kulifanya ukuta mweupe unaomficha msanii. Fundi wa taa anayelalamika kwamba moshi hautoshi mara nyingi anachohitaji ni kuhamisha taa.

Watu walitafuta mvuke wa jukwaani kabla ya glaikoli. Mwaka 1876 huko Bayreuth, Ujerumani, mtunzi Richard Wagner alipozindua jumba lake la opera, mvuke wa maji uliotoka kwenye matangi ya injini za treni ulipitishwa jukwaani ili kufunika mabadiliko ya mandhari. Ulikuwa moto, wenye unyevu na sauti ya kufoka. Karne iliyofuata ilileta barafu kavu, kisha maji ya moshi yasiyo na sumu kali. Mjerumani Günther Schaidt ni miongoni mwa walioyaendeleza, na katikati ya miaka ya 1980 yeye na kampuni ya Rosco walipewa tuzo ya kiufundi na waandaaji wa Oscar kwa kazi hiyo. Kwa jinsi hiyo, kilichohitaji tangi la treni kikaingia katika boksi la kubebwa kwa mkono mmoja.

Mashine tatu, kazi tatu

Kwa miale ya taa, tafuta heza. Hii haitoi wingu. Inapuliza utando mwembamba sana unaosambaa ukumbi mzima, na mtazamaji hauoni hadi taa ziwake. Kuna heza za mafuta, ambazo hutumia hewa yenye mgandamizo kuyavunja mafuta kuwa matone madogo mno. Utando wake hukaa muda mrefu, lakini baada ya miezi utaukuta umeganda kwenye lenzi za taa na feni za vipaza sauti. Heza za maji ya glaikoli hazichafui sana kama hizo, na utando wake hupotea mapema. Zote mbili hutumia majimaji kidogo sana zikilinganishwa na mashine ya moshi. Ukumbi uliofungwa unaopiga muziki wa dansi au taarabu kila wikendi unahitaji heza kuliko kitu kingine chochote.

Kwa wingu la ghafla, mashine ya moshi ya kawaida inatosha. Ni rahisi kupatikana, na kwa kumbi ndogo wati 700 hadi 1,000 zinakidhi. Ziko pia zinazorusha moshi wima, zikiwa na taa mdomoni, kwa ajili ya matamasha. Wingu hili ni la nukta moja katika onyesho. Likirudiwa kila wimbo, watazamaji wanalizoea na linakuwa kero.

Kwa ukungu wa sakafuni, njia ni kadhaa na zote zina sharti moja: moshi uwe baridi kuliko hewa ya ukumbi ili uwe mzito na ubaki chini. Mashine ndogo huupitisha moshi wa kawaida katika barafu ya maji. Kubwa zina mtambo wa kupoza. Nyingine hutumia mitetemo ya kasi kuyageuza maji kuwa ukungu. Na iko barafu kavu, ambayo ndiyo hutoa ukungu mweupe, mnene, unaomwagika ukingoni mwa jukwaa. Katika tamthilia ya muziki The Phantom of the Opera, iliyoanza London mwaka 1986, ziwa la chini ya ardhi lilitengenezwa kwa ukungu wa namna hii, na mashua ikapita juu yake.

Barafu kavu ni hewa ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa hadi nyuzi 78 chini ya sifuri. Ikitumbukizwa kwenye maji ya moto huruka kuwa hewa moja kwa moja, na unyevu unaopozwa nayo na kuwa matone ndio ukungu tunaouona. Siku hizi maharusi wengi wanapofungua muziki hutaka wacheze juu ya mawingu, na kamati ya harusi hulipia bila kuuliza mawingu hayo ni nini. Kilo moja ya barafu kavu hutoa zaidi ya lita 500 za kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hujaa kuanzia sakafuni. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi lolote. Mtoto wa miaka mitatu anayekimbia ndani ya wingu hilo, au mpiga ngoma aliyekaa kwenye shimo mbele ya jukwaa, ndiye anayeivuta. Februari 2020 jijini Moscow, watu watatu walifariki baada ya barafu kavu kumiminwa katika bwawa la kuogelea lililo ndani ya jengo. Kwa hiyo anayeitumia afungue milango, awazuie watoto kuingia kwenye wingu, avae glovu nene, asiifungie kamwe kwenye chombo kisichopumua, na asiisafirishe kwenye gari lililofungwa vioo.

Dukani

Usinunue mashine ambayo hujaisikia. Mwambie muuzaji aiwashe. Utasubiri dakika tatu hadi kumi kulingana na ukubwa wake, hadi taa ya kuonyesha kwamba iko tayari iwake. Bonyeza kitufe sekunde tano, kisha achia, na usikilize kwa makini. Pampu nzima hutoa mlio wa kutetemeka usiobadilika, na moshi hutoka kwa mfoko mmoja. Mlio ukikatikakatika, au matone yakidondoka kutoka mdomoni, njia imeanza kuziba. Baada ya kuachia kitufe moshi hufifia kwa sekunde chache na kukoma. Ukiendelea kuvuja kwa muda mrefu, mashine hiyo itakuharibia tukio la kimya. Kisha bonyeza tena bila kusubiri, uone inaweza kutoa kwa muda gani kabla ya kujizima ili ipate moto upya. Muda huo ndio utakaokubana jukwaani.

Kelele ni sifa ya kununulia. Kwenye tamasha la Bongo Fleva hakuna atakayesikia pampu. Kwenye tamthilia, mhusika anapomwaga machozi kwa sauti ya chini, mfoko wa mashine utasikika hadi mlango wa nyuma.

Kuhusu umeme, soma kibandiko. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani itaungua kwenye soketi yetu ya volti 230. Mashine ya wati 1,500 huvuta kama ampea sita na nusu kwenye umeme wetu, na jenereta ndogo ya kVA 2 ikishailisha hiyo haibaki na kitu cha kutegemewa kwa ajili ya taa na muziki. Isitoshe, kipashamoto chake hujiwasha na kujizima chenyewe usiku kucha, na kila kikiwaka jenereta dhaifu hushtuka, taa zikafifia na vipaza sauti vikanguruma. Mpe fundi umeme orodha ya wati zote mapema, na mashine ya moshi ipate njia yake mwenyewe. Usitumie ekstensheni nyembamba iliyokunjwa, kwa sababu inapata moto.

Mwisho tazama namna ya kuiendesha. Rimoti ya waya inatosha kwa kikundi kidogo. Wenye meza ya taa wachague inayopokea DMX, mfumo wa mawasiliano uliobuniwa Marekani mwaka 1986 na unaotumika hadi leo, ili fundi wa taa atawale moshi na mwanga kwa mkono mmoja. Kipima-saa kinachopuliza kila baada ya dakika fulani kisitumike kwenye mchezo wa kuigiza, maana hakijui msanii amefika wapi.

Maji ya moshi

Tumia maji yaliyotengenezwa kwa aina ya mashine yako. Mafuta ya heza hayaingii kwenye mashine ya kupasha moto, na maji ya mashine ya moshi hayaingii kwenye heza ya mafuta. Usichanganye yako mtaani. Hatari kubwa kuliko zote ni kulanti ya gari, kwa sababu mara nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, ilhali maji ya moshi yanayofaa hutumia aina nyingine za glaikoli, kama propilini glaikoli na triethilini glaikoli. Majina yanafanana na rangi zinaweza kufanana. Chupa isiyo na lebo irudishe kwa muuzaji. Manukato nayo yasiongezwe. Yanaziba bomba na yanamchokoza mwenye pumu.

Kuutawala upepo

Moshi huenda unakopelekwa na hewa, kwa hiyo kazi ya fundi ni kuijua hewa ya mahali pake kabla ya watazamaji kufika. Washa kila kitakachowashwa usiku: viyoyozi, feni za dari, taa za jukwaa. Puliza moshi kidogo, simama, utazame. Kiyoyozi kilicho juu ya jukwaa kinaweza kuusukuma wote kwenye nyuso za safu ya kwanza. Ukumbi ukijaa watu, joto lao hupandisha hewa na moshi hubadili njia tena, kwa hiyo acha nafasi ya kurekebisha.

Kwenye uwanja wa wazi ni vita vingine. Ngome Kongwe ya Unguja, ambako Sauti za Busara imefanyika kwa miaka mingi mwezi Februari, haina paa juu ya watazamaji, na Februari ni msimu wa kaskazi. Heza hapo ni fedha iliyotupwa. Utando unapeperuka kabla haujatanda. Kinachofaa ni mashine za moshi mbili au tatu za ukubwa wa kati, zikiwekwa upande unaotoka upepo, nyuma ya jukwaa, ili moshi ulivuke jukwaa lote ndipo upotee. Mbili za kati hutandaza moshi sawasawa kuliko moja kubwa, na moja ikigoma onyesho linaendelea.

Kuhusu kipimo, anza kidogo. Tandaza utando nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa, kisha ongeza kwa mifoko mifupi. Moshi uliozidi hauna kitufe cha kuurudisha. Utakaa hapo dakika kumi na tano ukila sura za wasanii, na hizo ndizo watu walizokuja kuziona.

Mdomo wa mashine usielekezwe kwa mtu, wala pazia, wala paa la makuti. Mbele yake sakafu hulowa utelezi, kwa hiyo weka mita chache za sakafu isiyokanyagwa na mchezaji, hasa wanaocheza pekupeku, na ifutwe kila baada ya onyesho.

Wanaouvuta kila usiku

Mtazamaji huvuta moshi wako saa mbili kisha akaenda zake. Mwimbaji, mpiga tarumbeta na fundi wa jukwaani huuvuta mazoezini na maonyeshoni mwaka mzima. Hiyo ndiyo sababu waigizaji wa Broadway, New York, walidai uchunguzi. Taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama kazini iliingia katika majumba yao mwanzoni mwa miaka ya 1990, na utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2000 ulipendekeza kwamba mwigizaji asikutane hata kwa muda mfupi na zaidi ya miligramu 40 za glaikoli katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha vipimo vya wafanyakazi 101 katika sehemu 19 za maonyesho na filamu. Moshi wa glaikoli ulihusishwa na kikohozi na koo kukauka siku ileile, na waliofanya kazi karibu zaidi na mashine walionekana kuwa na mapafu yenye nguvu ndogo zaidi.

Matokeo hayo hayasemi moshi upigwe marufuku. Yanasema umbali na kiasi ni vitu vya kupangwa. Mwigizaji asisimame mbele ya mdomo wa mashine. Mazoezi mengi yafanyike bila moshi, uongezwe siku za mwisho. Maji ya kunywa yawe karibu na waimbaji. Kabla ya mazoezi ya kwanza, muulize kila mmoja katika kikundi kama ana pumu, na umuulize faragha, kwa sababu wengi hunyamaza wakihofia kuachwa. Mlangoni weka tangazo kwamba onyesho lina moshi, kwa herufi zinazosomeka.

Moto wa kweli

Vitambua-moshi vingi vya kumbi na hoteli hutumia mwanga, na havijui tofauti ya glaikoli na moto. Zungumza na meneja wa ukumbi siku kadhaa kabla. Mfumo wa eneo la jukwaa ukizimwa kwa makubaliano, ateuliwe mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kulinda moto kwa macho, akiwa na kizimamoto, hadi mfumo uwashwe tena usiku huohuo. Kuvifunika vitambua-moshi kwa mifuko ya plastiki kimyakimya ni kuwanyima mamia ya watu tahadhari yao.

Hatari ya pili iko akilini mwa watazamaji. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji za ukutani na watu 100 wakafa. Baadhi yao mwanzoni walidhani moto ule ni sehemu ya onyesho, na ndani ya dakika chache moshi mweusi ukawa umejaa. Watazamaji waliozoeshwa moshi wanachelewa kuuogopa. Kwa hiyo fataki na mashine ya moshi visitumike pamoja ndani ya nyumba, taa za milango ya kutokea zionekane hata wingu likiwa zito kabisa, na mshereheshaji aonyeshe milango hiyo kabla ya wimbo wa kwanza.

Baada ya onyesho

Mashine isifanye kazi bila majimaji tangini. Pampu yake hupozwa na kulainishwa nayo, na ikinyonya hewa inaungua. Iache ipoe ikiwa imesimama kabla ya kuibeba. Isafishe kwa dawa iliyoelekezwa na mtengenezaji wake, na iwashwe angalau mara moja kwa mwezi hata kama hamna kazi, kwani mabaki hukauka ndani ya bomba jembamba na kuliziba. Mashine nyingi zinazotupwa hazikuchakaa. Ziliwekwa stoo.

Kikundi kinachoanza, chenye ukumbi wa ndani na fedha kidogo, kinunue heza ndogo na taa mbili za nyuma kabla ya kufikiria mashine kubwa. Wenye majukwaa ya wazi wanunue mashine mbili za wati 1,000. Barafu kavu iachwe kwa aliyefunzwa. Na yeyote atakayeshika rimoti akubaliane na wasanii kabla ya onyesho juu ya ishara moja ya mkono. Ishara hiyo ikitolewa na yeyote, awe nyota au mchezaji wa safu ya mwisho, moshi uzimwe hapohapo na maswali yaulizwe baadaye.